Mficha Maradhi: Neno kwa Vijana Wanaokwenda Kusoma Ujerumani, na kwa Sisi Tunaowasindikiza



Juma lililopita, baada ya Misa ya pili, walinijia wazazi wawili pamoja na binti yao. Binti amepata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Ujerumani, na masomo yataanza mwezi wa Oktoba. Walitaka baraka ya safari, nami niliitoa kwa furaha. Tulipokwisha kusali, mama akaniambia, "Padre, mwachie mtoto neno moja la kumsaidia huko aendako." Nilimwambia adumu katika sala na masomo, kisha nikaingia kusikiliza maungamo. Lakini usiku ule sikulala vema. Neno lile lilikuwa la kweli, ila lilikuwa dogo mno kwa safari kubwa namna ile. Tafakari ya juma hili ni deni ninalomlipa binti yule, na wenzake wote wanaofungasha mabegi.

Nina sababu nyingine ya kuandika, nayo ni ya aibu kwangu. Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza kijana wetu mmoja katika nchi hiyo hiyo. Jumuiya ndogo ndogo zilichanga nauli, na Dominika moja mimi mwenyewe nilisimama mbele ya waamini nikasoma orodha ya waliochanga, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi. Tulipiga makofi. Kijana akaenda. Habari zake zilikuwa njema daima: masomo mazuri, afya nzuri, baridi kidogo tu. Kumbe alikuwa ameshindwa somo moja mara mbili, wala hakumwambia mtu. Akaingia katika mtihani mara ya tatu peke yake, bila kutafuta msaada, akashindwa tena, na chuo kikamwondoa. Kwa miezi mingi baada ya hapo aliendelea kuwatumia wazazi picha zake akiwa amesimama mbele ya maktaba. Siku aliponiandikia kweli yote, nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Alijibu kwa sentensi moja: "Padre, niliiogopa ile orodha."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Baada ya kijana yule nimewasikiliza wengi waliosoma ughaibuni, nami nimeona kwamba baridi, lugha na hata umaskini haviwaangushi vijana wetu kama unavyowaangusha ukimya. Basi mashauri yote nitakayoyatoa hapa yana shina moja: uliza mapema, sema mapema.

Nianze na fedha, maana ndipo safari inapoanzia. Serikali ya Ujerumani humtaka mwanafunzi wa kigeni aonyeshe kwamba anaweza kujitegemea. Njia ya kawaida ni kuweka fedha katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo humruhusu kutoa fungu moja tu kila mwezi. Mwaka 2024 kiasi hicho kilipandishwa hadi yuro 11,904 kwa mwaka, yaani yuro 992 kwa mwezi. Kwa kuwa hupandishwa mara kwa mara, kila mmoja aulize ubalozini kiasi cha mwaka wake. Vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Wazazi wengi wakisikia "hakuna ada" hudhani kwamba fedha ile ya akaunti ni ya kuonyesha tu. La hasha! Hiyo ndiyo kodi ya chumba, ndiyo mkate, ndiyo bima ya afya, ambayo peke yake hupita yuro 120 kwa mwezi. Anayeikopa kwa ahadi ya kuirudisha baada ya miezi mitatu amemfunga mtoto jiwe shingoni kabla hajapanda ndege.

Ukishafika, elewa kwamba umeingia katika nchi ya barua. Hapa kwetu jambo zito huletwa na mtu. Kule huletwa na bahasha. Kazi ya kwanza ni kuandika jina lako katika kisanduku cha barua cha nyumba unayoishi, kwa maana mpeleka barua asipoliona jina huirudisha barua ilikotoka. Ndani ya majuma mawili tangu uhamie, unapaswa kujiandikisha katika ofisi ya mji, tendo waliitalo Anmeldung, ukiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unakaa kwake. Bila cheti hicho mambo mengine mengi hukwama. Kisha usingoje viza iishe ndipo uende ofisi ya wageni kuomba kibali cha ukaazi. Omba miadi mapema, maana katika miji mikubwa foleni ni ya majuma, pengine ya miezi.

Zipo barua mbili zinazowashangaza wageni. Ya kwanza hudai mchango wa redio na televisheni za umma, ambao tangu mwaka 2021 ulikuwa yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi. Kijana husema, "Mimi sina redio wala televisheni," akaitupa. Mchango huo haujali kama una chombo au huna. Unadaiwa kwa kila nyumba, na mkikaa wanne katika nyumba moja mnalipa mmoja mkagawana. Anayeitupa barua ile hukutana nayo tena ikiwa imezaa faini.

Jambo la pili linatuhusu sisi Wakatoliki. Wakati wa kujiandikisha utaulizwa dini yako. Ukijibu kwamba u Mkatoliki, siku utakapoanza kulipa kodi ya mapato utakatwa pia kodi ya Kanisa, ambayo ni asilimia 8 au 9 ya kodi ile, kufuatana na jimbo. Haikatwi juu ya mshahara wote, na mwanafunzi asiyelipa kodi ya mapato hakatwi chochote. Nimesikia vijana wakishauriana kuandika kwamba hawana dini ili wasalimishe mfuko. Siwezi kukubali shauri hilo. Tuliobatizwa hatuifichi imani yetu kwa ajili ya karatasi ya mapato, na sehemu ya fedha hizo ndiyo inayoendesha huduma za wanafunzi nitakazozitaja hapa chini.

Sasa tuingie darasani. Kwanza, alama zao zimegeuzwa: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ni mwisho wa kufaulu, na 5.0 ni kushindwa. Pili, katika masomo mengi huhesabiwi kuwa mtahiniwa mpaka umejiandikisha kwa mtihani husika kabla ya tarehe iliyowekwa. Tatu, ukijiandikisha kisha usitokee, pasipo cheti cha daktari, mara nyingi huandikiwa kwamba umeshindwa. Nne, na hili mlishike kuliko yote, mtihani haurudiwi bila kikomo. Kwa kawaida hupewa nafasi tatu, mahali pengine mbili. Ukizimaliza katika somo la lazima, unaondolewa katika fani hiyo, na kwa kawaida hutaruhusiwa kuisoma tena katika chuo kingine chochote cha nchi ile. Kanuni za kila fani zimeandikwa. Zisome katika juma la kwanza, kabla ya kununua hata koti.

Kijana wetu hakuzisoma. Nafasi ya pili ilipopotea, bado alikuwa na mlango wazi. Angeweza kumwona mwalimu katika saa zake za kupokea wanafunzi, angeweza kumwona mshauri wa masomo, angeweza kuahirisha au kubadili fani mapema. Lakini alilelewa kama tulivyolelewa wengi, kwamba mtoto mwenye adabu hamsumbui mkubwa. Huko mambo ni kinyume. Mwalimu wa chuo hukaa ofisini saa iliyotangazwa akiwasubiri wanafunzi, na asiyekwenda huhesabiwa kuwa hana shida. Vilevile hapa kwetu kijana huinamisha macho mbele ya mzee kwa heshima. Huko mtu asiyetazama usoni hudhaniwa kwamba anaficha jambo. Mtazame mwalimu, taja shida yako kwa maneno machache, uliza swali lako. Hutakuwa umemkosea adabu. Adabu yao imewekwa mahali pengine: ufike kwa wakati, na utumie neno la heshima, Sie, mpaka mwenyewe akuruhusu lile la kirafiki. Anayejua kumpa shikamoo mkubwa wake ataelewa upesi.

Masomo mengine hufundishwa kwa Kiingereza, na vijana husema Kijerumani hakina haja. Kina haja sana. Kiingereza kitakufikisha darasani, lakini kwa daktari, kwa mwenye nyumba na kwa jirani mzee wa ghorofa ya chini utahitaji lugha ya wenyeji. Wala tusione ni unyonge kujifunza. Kiswahili chetu kilianza kufundishwa katika Chuo cha Lugha za Mashariki huko Berlin mwaka 1887, na mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alifika huko kuwa mwalimu. Ni kweli kwamba wanafunzi wake wengi walijifunza kwa haja za ukoloni. Hata hivyo walikaa mbele ya Mwafrika wakizihangaikia ngeli zetu. Mwalimu yule alioa huko, akaishi huko, akafia Berlin mwaka 1927. Ikiwa wao waliweza kukaa chini wakajifunza, nasi hatupungukiwi kitu tukizihangaikia der, die na das.

Juu ya kuishi na watu, yafaa kujua mambo machache yatakayokuepusha na majonzi yasiyo ya lazima. Kwetu mgeni husubiri wenyeji waje kumjulia hali. Huko mgeni ndiye anayebisha hodi kwa majirani na kujitambulisha. Usipobisha, waweza kukaa mwaka mzima ukiamini kwamba wanakuchukia, kumbe wanaona wanakuachia faragha yako. Kwetu mtu akikaribishwa chakula husema "nimeshiba", kisha hubembelezwa. Huko ukisema umeshiba sahani huondolewa, nawe utalala njaa kwa heshima yako mwenyewe. Siku yako ya kuzaliwa usingoje kuletewa keki. Mwenye sikukuu ndiye anayewaletea wenzake. Siku ya Dominika karibu maduka yote hufungwa kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo anayefika Jumamosi usiku akiwa hana mkate aweza kuukosa hadi Jumatatu, asipoutafuta stesheni. Na saa za usiku ni za utulivu: muziki tunaoupiga hapa hata jirani akafurahi, kule waweza kuleta polisi mlangoni.

Sisemi kwamba kila baridi unayoionja kwa watu ni suala la desturi tu. Ubaguzi upo, nanyi mtakutana nao, katika basi au katika kutafuta chumba. Likikupata jambo la namna hiyo usilimeze. Andika siku, mahali na maneno yaliyosemwa, kisha ulipeleke kwa ofisi ya chuo inayohusika na wanafunzi wa kigeni. Kulinyamazia ni kulifuga.

Halafu huja giza. Mwezi wa Desemba jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi alasiri, na asubuhi huchomoza baada ya saa mbili. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta, ambao mchana wetu haubadiliki sana mwaka mzima, hatuna mazoea ya jambo hilo. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika mwaka 1960 kwamba mtu aliyehamia ugenini hupitia hatua zinazofuatana: kwanza huvutiwa na kila kitu, kisha huchukizwa na kukata tamaa, kisha hupata nafuu, na mwishowe huzoea. Si kila mtu huzipitia kwa mpangilio huo, lakini wengi niliowasikiliza waliitambua ile hatua ya pili. Kwa wanaoanza Oktoba, huangukia hasa pale ambapo jua limepotea, mitihani inakaribia, na nyumbani watu wanasherehekea Noeli. Basi ukijiona hulali, huli, huamki kwenda darasani, usiseme umerogwa wala usiseme wewe ni dhaifu. Toka nje kila siku mchana, hata kwa nusu saa. Pika ugali, na umwite mwenzako mle pamoja. Na hali hiyo ikizidi majuma mawili, mwone mtu wa kukusaidia.

Watu hao wapo. Mashirika ya huduma za wanafunzi, yale yanayoendesha hosteli na mabwalo ya chakula, katika miji mingi yana washauri wa kisaikolojia ambao hutunza siri na hawatozi fedha. Katika miji mingi ya vyuo ipo pia jumuiya ya Kikatoliki ya wanafunzi, ambayo kwa kifupi huitwa KHG, yenye padre au mlezi, yenye meza ya chakula cha pamoja, na aghalabu yenye mfuko mdogo kwa wanafunzi wa kigeni waliokwama. Huna haja ya kungoja ukwame. Nenda juma la kwanza, ukajulikane kwa sura na kwa jina. Mtu akijulikana, akikosekana hutafutwa.

Sasa neno kwa sisi tunaobaki, na hapa najisemea kwanza mimi mwenyewe.

Wazazi wapendwa, mtoto aliyepanda ndege hajageuka benki. Sheria ya kule, tangu Machi mwaka 2024, humruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Siku hizo ni za kumsaidia aishi. Hazitoshi kumsomesha mdogo wake, kumaliza paa la nyumba na kuchangia harusi ya binamu. Tunapoanza kuomba mwezi wa pili, kijana hana ujasiri wa kukataa. Huongeza saa za kazi usiku, asubuhi husinzia darasani, kisha hushindwa mtihani, kisha hunyamaza. Ndivyo ukimya unavyozaliwa, na wakunga wake ni sisi.

Najua jibu mtakalonipa, kwamba hata sisi tulijinyima ili aende, na kwamba undugu ni kusaidiana. Ni kweli, wala siudharau undugu huo; bila huo wengi wetu tusingesoma, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini mkulima hang'oi mhindi kila juma ili aone kama umetia mizizi. Mpeni miaka. Atakapokuwa amesimama, yeye mwenyewe atakumbuka mlikomtoa.

Mnapompigia simu, kumbukeni kwamba sisi tunawatangulia kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi. Na mnapoongea naye, msiulize tu "masomo yanaendeleaje?", swali ambalo jibu lake ni "vizuri" hata nyumba ikiwaka moto. Ulizeni: Leo umekula nini, na nani? Mtihani gani unakutia hofu? Barua gani imekuja usiyoielewa? Kisha mwambieni, kwa maneno yanayosikika, kwamba akishindwa mlango wa nyumbani haujafungwa. Msidhani anajua. Kijana wetu hakujua, na wazazi wake ni watu wema kabisa.

Yusufu aliuzwa Misri na ndugu zake akiwa kijana, akapata cheo, akaoa, akapewa hata jina la kigeni. Lakini alipowaona ndugu zake tena alilia.  Tusiwapeleke watoto wetu mbali kwa namna ambayo watalazimika kulia peke yao vyumbani.

Kwa upande wa parokia nimeshazungumza na halmashauri ya walei, nao wamekubali. Tutaendelea kuwachangia vijana wanaokwenda kusoma, lakini orodha haitasomwa tena kanisani. Mchango utatolewa kama sadaka inavyotolewa, mkono mmoja usijue la mwingine. Na kila anayeondoka atapewa majina ya wanaparokia wawili, si wazazi wake, ambao atawaandikia walau mara moja kwa mwezi, na ambao wameahidi kutomhukumu.

Kijana yule alirudi. Sasa anafanya kazi hapa nchini, na ndiye aliyeniruhusu kuisimulia habari yake bila jina. Jumamosi hii, saa kumi alasiri, atakaa na binti yetu katika ukumbi wa parokia kumwonyesha namna ya kusoma kanuni za mitihani. Nimemwomba afike, akakubali mara moja. Wengine wenye safari kama hiyo wanakaribishwa, pamoja na wazazi wao.

Mungu awabariki nyote, na awalinde walio mbali.

Wenu katika Kristo,
Paroko